Tuliipa Bahari Kisogo

Siku ya pili asubuhi mamangu alikaa kwenye roshani ya nyumba tuliyokodi Torremolinos, karibu na Málaga, pwani ya kusini mwa Uhispania, kikombe cha chai mkononi, akaitazama bahari muda mrefu bila kusema neno. Nilidhani anafurahi. Kumbe alikuwa akingoja maji yapwe.

"Jana niliangalia saa hizi," akaniambia. "Alasiri nikaangalia tena. Usiku nimeamka kwenda msalani, nikaangalia. Maji yako pale pale. Bahari gani hii, haijai wala haipwi?"

Nikamweleza nilichokijua: kwamba Mediterania ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, mlango wake wa Gibraltar ni mwembamba, kwa hiyo maji hupanda na kushuka kidogo tu. Hapo Málaga tofauti haifiki hata mita moja. Mama amezaliwa na kuzeekea Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu siku za bamvua maji hushuka zaidi ya mita tatu, miamba ikabaki wazi, watu wakaingia na vijiti kutafuta pweza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi haya ni maji mafu. Maji mafu mwaka mzima." Akamaliza chai yake. "Sasa leo twaenda wapi?"

Mimi nilikuwa nimelipia siku tisa za ufukweni.

Niseme kidogo tulifikaje huko. Tunaishi Rotterdam, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa kike miaka kumi na wa kiume sita. Mama alikuja kututembelea kwa viza ya Uholanzi, na viza hiyo hiyo ilimruhusu kuingia Uhispania, kwa hiyo nikaona mwisho wa Julai tumpeleke mahali penye joto. Kwa mtu aliyekaa Rotterdam miaka kumi na miwili, jua peke yake ni safari. Kwa mama, jua halijawahi kuwa kitu cha kupandia ndege. Na ufuo wenyewe ni mchanga wa kijivu, miavuli imepangwa kama makaburi ya jeshi, na watu wanalala kifudifudi kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Alichokisifu ni kimoja: sadini wanaochomekwa kwenye kijiti cha mwanzi na kusimamishwa kando ya moto wa kuni, ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojazwa mchanga. Alimsimamia yule mchomaji dakika kumi nzima, akitazama jinsi anavyowapanga samaki upande upepo unakotoka ili moshi usiwaguse. "Huyu ajua moto," akasema. Basi. Bahari ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo jioni ile nilikaa na simu nikatafuta pa kwenda, upande wa pili, kule bara.

Antequera ilikuwa imenivutia tangu zamani. Ni mji ulio kaskazini ya Málaga, una makaburi ya kale ya mawe makubwa ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016. Treni ya mwendo kasi kutoka Málaga huchukua kama nusu saa. Nikakata tiketi usiku ule ule, nikalala nimejisifu moyoni.

Sikusoma jina lote la stesheni. Ilikuwa Antequera-Santa Ana, na stesheni ya Santa Ana iko mashambani, kilomita kama 18 kutoka mjini. Tuliteremka saa tano kasoro, jua limeshakaza, mizeituni kila upande mpaka upeo wa macho, na wasafiri wenzetu wote wamepokewa na magari yao wakatoweka. Siku hizi kuna stesheni nyingine iliyo karibu na mji, lakini ile ya Santa Ana bado ipo na bado ina jina la Antequera, kwa hiyo ukikata tiketi soma mpaka neno la mwisho. Baada ya robo saa ya kumtazama mama akijipepea na pasipoti yake, ikaja teksi. Dereva alikuwa mzee wa makamo mwenye tumbo la heshima, akatubana wote watano ndani, mtoto mapajani, jambo ambalo nina hakika haliruhusiwi. Akatufikisha kwenye lango la makaburi.

Lango lilikuwa limefungwa. Ilikuwa Jumatatu.

Mume wangu alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyeshika ramani juu chini. Mama ndiye aliyesema: "Hata maiti wana siku ya mapumziko?" Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloangalia kabla ya kwenda popote Uhispania si bei wala njia. Ni Jumatatu. Makumbusho mengi na maeneo mengi ya kale hufungwa siku hiyo.

Nilipogeuka, teksi ilikuwa haijaondoka. Yule mzee alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, anatungojea. Naamini alijua tangu stesheni kwamba ni Jumatatu. Akanyoosha mkono kuelekea milima iliyo nyuma ya mji, akasema maneno mengi ambayo programu ya kutafsiri ya simu yangu iliyafupisha kuwa "mawe mazuri, baridi, mama atapenda". Tukapatana bei ya kwenda, kungojewa saa moja na nusu, na kurudi mjini. Haikuwa bei rahisi. Lakini ukigawa kwa watu watano, na ukiweka upande wa pili wa mizani mama aliyesimama juani, haikuwa mbaya pia.

Mlima ule unaitwa El Torcal. Barabara inapanda kwa kujizungusha mpaka zaidi ya mita elfu moja, na ukishuka garini juu kule unakutana na upepo ambao mama aliuvutia mtandio wake kwa mara ya kwanza tangu tufike. Halafu unayaona mawe. Sijui niyaeleze vipi. Ni mawe ya chokaa, meupe yaliyoingia kijivu, yamelala tabaka juu ya tabaka kama sahani zilizopangwa kabatini na mtu mwenye haraka: huku zimesimama sawa, kule zimepinda, pale moja kubwa imekaa juu ya nyingine ndogo na hujui kwa nini haianguki. Kati ya marundo hayo kuna vichochoro. Mwanangu aliingia kimoja akatokea kingine akipiga kelele kwamba ni Mji wa Kale wa majitu.

Kuna njia fupi yenye alama za kijani, kama kilomita moja na nusu. Inaonekana rahisi kwenye ubao, lakini ni ya kukanyaga mawe yaliyosuguliwa na viatu vya watu mpaka yanateleza, na mama alikuwa amevaa makubazi. Alikwenda robo ya njia, akachagua jiwe lenye kivuli, akakaa. Mimi nikabaki naye. Mume wangu na watoto wakaendelea.

Pale alipokaa, mkono wake ukawa unapapasa jiwe bila yeye kuangalia, kama mtu anavyopapasa kitambaa dukani. Baadaye akainama. "Njoo uone hili. Hili ni kombe."

Lilikuwa si kombe hasa. Ilikuwa alama ya mviringo, pana kama kitanga cha mkono wa mtoto, imejikunja ndani ya jiwe pindi kwa pindi, kila pindi lina mistari midogo ya kukatiza. Kama umewahi kuona ukili uliosukwa ukakunjwa tayari kushonwa mkeka, basi ndivyo ilivyokuwa. Mnyama huyo anaitwa amonaiti, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi, na aliishi baharini. Mlima wote ule ulikuwa sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Makombe na matope ya chokaa yalilala chini, tabaka juu ya tabaka, yakagandamana, kisha nchi ikakunjamana na kuyainua mpaka huku juu. Mvua na barafu vikafanya kazi iliyobaki.

Nilipomsomea hayo kutoka kwenye ubao wa kituo cha wageni, mama hakushangaa nilivyotegemea. Alitikisa kichwa kama anayethibitishiwa jambo. Nyumba ya babake ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, akanikumbusha, na plasta ikibanduka ukutani ulikuwa unaona makombe mazima yamo ndani. Kwao watu walikuwa wakilala ndani ya bahari iliyokauka na hakuna aliyeandika ubao. Kisha akacheka peke yake. "Nimeikimbia bahari, nikaja kuikuta mlimani."

Kijana wangu alirudi na jiwe mfukoni lenye ukili mdogo kama kifungo cha shati. Hairuhusiwi kuchukua kitu pale, ila hakuna mlinzi aliyeona. Nyanya yake aliona. Alimrudisha mpaka pale alipoliokota, akamwambia aliweke vile vile lilivyokuwa limelala, upande ule ule. Mtoto akalia. Mzee wa teksi, ambaye alishaanza kutazama saa, akangoja bila kusema kitu.

Ni huyo mzee ndiye aliyetuanzishia mchezo wa wiki nzima. Tulipokuwa tunateremka alipigiwa simu, akawa anazungumza kwa ukali kidogo juu ya mtu fulani, na mama, aliyekuwa amekaa mbele, akageuka kwangu macho yamemtoka: "Huyu asema fulani!" Kweli. *Fulano*. Kihispania kina fulani wao, na ni yule yule wetu, kwa sababu wote wawili tumemtoa kwenye Kiarabu, wao kwa mlango wa magharibi na sisi kwa mlango wa mashariki. Toka hapo mama hakusikiliza tena maelezo ya mtu yeyote, alikuwa anavua maneno. *Azafrán*, zafarani. *Aceituna*, zeituni. *Azúcar*, sukari. *Hasta*, hata. Meya wa mji wanamwita *alcalde*, naye ni kadhi aliyebadilisha kazi. Kwenye mlango wa basi palibandikwa *tarifa*, nami nikadhani ni taarifa, kumbe ni bei, ingawa neno ni lile lile. Binti yangu alifungua ukurasa katika daftari lake, na tulipoondoka alikuwa na maneno thelathini na tano. Baadhi nina wasiwasi nayo.

Mjini Antequera tulifika saa tisa, tukakuta barabara tupu, maduka yamefungwa, madirisha yameteremshiwa mbao. Mama akauliza kama mji umefiwa. Huo ndio mchana wao, kuanzia kama saa nane mpaka saa kumi na moja, na ukiwa nje saa hizo utajiona mjinga wewe peke yako. Migahawa lakini ilikuwa wazi. Niliagiza *porra*, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni, chakula cha mji huo, nikasema kwa Kihispania changu cha simu kwamba hatuli nyama. Ikaja nzuri, nyekundu, imenyunyiziwa yai na vipande vidogo vya nyama ya nguruwe. Mhudumu hakuwa na nia mbaya. Kwa watu wengi huko *jamón* iliyokatwa vipande vidogo si nyama, ni kiungo, kama sisi tunavyoona dagaa wa kusaga. Tangu siku hiyo sikusema tena "bila nyama". Nilitaja mnyama kwa jina lake, *sin jamón*, na nikarudia mara mbili. Sahani zikaondolewa, zikaletwa nyingine, na mikate laini ya duara wanayoiita *mollete* mama akaila minne kwa mafuta ya zeituni matupu.

Makaburi tuliyarudia Alhamisi, kwa basi safari hii, na basi linafika mjini kabisa. Lile kubwa linaitwa Menga. Lina umri wa kama miaka 5,700, yaani lilikuwa limeshazeeka miaka elfu moja kabla piramidi kubwa za Misri hazijajengwa, na jiwe moja la paa lake linakadiriwa kuwa na uzito wa tani 150. Ukisimama ndani, kwenye giza na ubaridi, ukatazama nje kupitia mlango, unaona mlima mmoja tu kwa mbali, wenye umbo la uso wa mtu aliyelala chali. Waliojenga walilielekeza huko kwa makusudi. Watoto walishindana nani ataona pua kwanza. Mimi nilipenda. Mama alisema kaburi ni kaburi, akatoka kwenda kukaa nje.

Granada ni habari nyingine, na hapo ndipo nilipofanya jambo moja sawa. Tiketi za Alhambra, ngome na majumba ya masultani wa Kiislamu wa zamani, nilizikata wiki tano kabla, nikiwa Rotterdam. Zinaandikwa jina la kila mtu na namba ya pasipoti, na zina saa maalumu ya kuingia kwenye majumba ya Wanasri, ukoo wa masultani hao. Ukichelewa saa yako, umekosa majumba hayo, hata kama umetoka mwisho wa dunia. Hata watoto wanahitaji tiketi. Nimekutana na watu waliofika mlangoni na tabasamu tu, wakarudi na tabasamu hilo hilo limenyauka. Kutoka stesheni ya mabasi ya Málaga mpaka Granada ni karibu saa mbili, na sisi tulitoka Torremolinos, kwa hiyo ongeza treni ndogo ya pwani, ongeza mwendo wa mama, ongeza mtoto anayetaka haja kila baada ya vituo viwili. Saa yetu ilikuwa saa tisa alasiri. Tuliondoka nyumbani saa mbili asubuhi, na muda haukubaki mwingi.

Mama hajui Kihispania, na Kiingereza chake si cha kujisifia. Kwa siku tano alikuwa ametembea akisomewa kila kitu na mimi au na mjukuu wake. Tulipoingia ndani ya ua wenye bwawa refu lililopakana na vichaka vya mihadasi, nilianza kumsomea kutoka kwenye simu: karne ya 14, sultani nani, mita ngapi. Nikaona hanisikilizi. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, pua karibu iguse, kidole kinatembea hewani kutoka kulia kwenda kushoto.

"Wala ghaliba illa Llah," akasoma. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Alisoma chuo cha Kurani kama watoto wote wa mtaa wetu, na pale ukutani palikuwa na maandishi ambayo yeye peke yake katika familia, labda katika ua mzima, aliyasoma bila kusaidiwa. Maneno hayo yamerudiwa kila mahali, juu ya milango, kwenye mapambo, kwenye pembe ambazo mtu hategemei. Kijana wangu akaja, nyanya akamwonyesha umbo la neno la mwisho, na wakaanza kuhesabu. Walifika sitini na kitu, wakagombana juu ya moja lililovunjika, wakapoteza hesabu. Mlinzi alikuja kuwaonya wasiguse ukuta. Mama hakuwa ameugusa, lakini alikubali kosa kwa heshima, mkono kifuani.

"Huyu aliyeandika alikuwa na mkono," akaniambia. Kisha, tulipokaa kwenye benchi tukisikiliza maji yakipita mferejini: "Na wenyewe wako wapi?"

Nikamwambia. Sultani wa mwisho alikabidhi funguo tarehe 2 Januari 1492. Waliobaki walilazimishwa kubadili dini, na mwanzoni mwa karne ya 17, kuanzia 1609, vizazi vyao wakafukuzwa nchini. Akahesabu kwa vidole. Mwaka 1492. Miaka sita baadaye, 1498, Vasco da Gama alikuwa anatia nanga nje ya Mombasa. Tarehe hiyo kwetu kila mtoto anaijua shuleni. Sikuwahi kuziweka tarehe hizo mbili jirani, na nimesoma zaidi yake.

Ronda nitaipita haraka, kama basi letu lilivyotaka kuipita. Daraja lake, lililokamilika mwaka 1793, lina urefu wa karibu mita 98 kutoka bondeni, na ni kweli linatisha na kupendeza. Lakini barabara ya milimani ina kona ambazo mwanangu alizitapika moja moja, na watu darajani walikuwa wengi kiasi cha kusubiri zamu ya kuegemea ukingo. Mama aligoma kukanyaga katikati. Kama una siku moja tu na mtoto mdogo, nenda kwingine. Mume wangu naye alikuwa na hamu ya Caminito del Rey, ile njia ya mbao iliyobandikwa ubavuni mwa korongo na kufunguliwa upya mwaka 2015. Watoto wa chini ya miaka minane hawaruhusiwi, kwa hiyo alikwenda na binti yetu, wakarudi wote wawili wakiwa kimya, wakala, wakalala.

Siku niliyoipenda kuliko zote haikuwa kwenye mpango. Ilikuwa siku ya *terral*, upepo wa bara unaoteremka milimani ukiwa mkavu na wa moto kama umefungua tanuri. Ukivuma huo hata pwani panakuwa hapakaliki. Tukapanda basi la mashariki kwenda Nerja, na kutoka hapo jingine dogo la kupanda Frigiliana, kijiji cheupe kilichoning'inia mlimani. Njiani mama alikuwa dirishani, akaanza kunipiga kiwiko. Miembe. Kilima kizima cha miembe, na kingine cha miparachichi, imepangwa kwa ngazi, mabomba meusi ya maji yanapita chini yake. Eneo lile linaitwa Axarquía, na ni miongoni mwa sehemu chache za Ulaya bara ambapo maembe hulimwa kwa biashara. Huiva Septemba na Oktoba. Sisi tulikuwa mwisho wa Julai, na yote yalikuwa mabichi, ya kijani, magumu, yaani yale yenyewe hasa anayoyataka mtu wa Mombasa.

Alimwendea mtu mmoja aliyekuwa anapanga masanduku nje ya kijiduka, akamwonyesha kwa mikono: ya mtini, mabichi. Yule bwana akajaribu kumweleza kwamba bado hayajaiva. Mama akatikisa kichwa kwa furaha: ndiyo, hayo hayo. Alipewa manne bure, nadhani kwa huruma. Mimi nikatumwa chumvi na pilipili. Nilirudi na kopo zuri jekundu la *pimentón*, tukakaa kwenye ngazi ya kivuli, mume wangu akamenya kwa kisu cha mfukoni, tukachovya. Ilikuwa pilipili isiyowasha hata kidogo, ladha ya moshi tu. Kuna inayowasha, imeandikwa *picante*, mimi nilichukua *dulce*. Mama alikula hivyo hivyo, akilaani kwa upole watu waliotoa moto ndani ya pilipili.

Kijijini humo bado wanatengeneza asali ya miwa, katika kiwanda kilichomo ndani ya jengo la kale, na mgahawani wanaimwagia juu ya biringani za kukaanga. Agizeni. Kwenye kuta za vichochoro vya juu kuna vigae vilivyoandikwa habari za mwaka 1569, jinsi Waislamu waliobatizwa kwa nguvu walivyoasi, wakajikusanya kwenye jabali la juu ya kijiji, wakashindwa na majeshi ya Mfalme Felipe wa Pili. Nilimsomea mama vigae vitatu au vinne. Kwenye jina la mfalme nikasita, kwa sababu nilikumbuka kitu. Mwaka 1580 Felipe alikuwa amerithi na Ureno pia, kwa hiyo ni yeye aliyekuwa mfalme Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Ngome ile ambayo mama alicheza kombolela chini ya kuta zake.

"Mtu yule yule?"

"Yule yule."

Alikitazama kigae kwa muda, maembe yake mawili yaliyobaki yamefungwa kwenye leso. "Alikuwa na kazi nyingi," akasema, tukaanza kuteremka.

Basi la mwisho la kutoka huko huwa mapema kuliko mtu anavyodhani, na hilo ndilo ningemwambia yeyote anayetaka kwenda bara bila gari: piga picha ya ratiba ya kurudi kabla hujatazama kitu kingine chochote. Halafu sehemu moja kwa siku. Nilikuwa nimepanga Nerja na mapango yake siku hiyo hiyo. Tungekimbia, tungeona yote, na hakuna ambaye angekaa kwenye ngazi kula embe.

Jioni ya mwisho, masanduku yamefungwa, mama akasema anataka kuteremka baharini. Tukaenda mimi na yeye, miavuli imekunjwa, mchanga umesafishwa na mashine. Alipandisha buibui kidogo, akaingiza miguu, akaitoa upesi. Maji ya upande ule ni ya baridi kuliko mtu anavyotegemea, hata Julai, kwa kuwa bahari kuu ya Atlantiki inaingia pale jirani. Akarudisha miguu taratibu, akasimama, macho kwenye mstari wa maji, pale pale ulipokuwa siku ya kwanza.

"Hii haipwi," akasema. "Ile ya mlimani ndiyo iliyokupwa."

Akanishika bega, akavaa makubazi yake, tukapanda kwenda kulala.